Kurudi shule ukubwani hapa Mwanza ili upate kazi: mwongozo kamili, toka majina ya kwenye vyeti mpaka siku ya pepa

Nafundisha jioni kwenye kituo kimoja cha watu wazima huku Nyakato. Wanaokuja wengi ni wa miaka 25 mpaka 40 na kitu, wengine wako viwanda vya samaki, wengine boda, wengine wanauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, na swali la kwanza karibu wote ni hilohilo, "mwalimu, nisome nini?" Mimi huwa nawauliza kwanza, unataka kazi gani, manake shule ya mtu mzima inaanzia kwenye kazi inarudi nyuma mpaka kwenye somo, sio kinyume chake. Nimeandika haya yote sehemu moja kwa sababu naona watu wanamaliza mwaka na hela ya jasho kwa kuanzia pasipofaa, na inaniuma kweli.

Anza na tangazo la kazi

Kabla hujaenda kuulizia ada popote, tafuta matangazo matatu ya kazi unayoitamani. Za serikali zipo Ajira Portal, za viwandani zinabandikwa getini au zinazunguka kwenye magrupu ya wasapu. Chukua daftari, andika wanataka elimu gani, cheti gani, leseni gani, uzoefu wa muda gani, umri gani. Ukimaliza utaona kitu kimoja kinajirudia kwenye matangazo yote matatu na wewe huna. Hicho ndo unakwenda kukisomea.

Unakuta mtu ni fundi wa kuchomelea wa miaka kumi, anachokosa ni karatasi ya ufundi tu, ila yeye anataka kuanza kidato cha kwanza kwa sababu jirani yake kaanza. Mwingine anataka ulinzi au udereva kwenye taasisi ya serikali, huyo cheti cha kidato cha nne hawezi kukikwepa. Mwingine ana astashahada tayari, kinachomnyima kupanda cheo ni diploma. Hao watu watatu njia zao ni tofauti kabisa, gharama tofauti, muda tofauti.

Halafu angalia umri mapema. Matangazo mengi ya utumishi wa umma yanasema mwombaji asizidi miaka 45, kwa hiyo kama una 41 na njia yako inahitaji miaka sita piga hesabu kwanza. Siyo kwamba usisome, hapana, ila labda ulenge sekta binafsi au biashara yako mwenyewe, na hapo njia fupi ya ufundi inaweza kukufaa zaidi.

Majina. Naomba hapa usiruke

Hiki ndicho kinachoangusha watu wengi kuliko hesabu. Chukua karatasi zako zote, cheti cha kuzaliwa, cha darasa la saba, cha kidato cha nne kama unacho, kitambulisho cha NIDA, leseni, uzipange mezani kwa mstari, usome majina herufi kwa herufi ukiwa umeweka kidole. Huku kwetu Kanda ya Ziwa r na l zinabadilishana sana, darasa la saba umeandikwa Masalu, NIDA ukaandikishwa Masaru, leseni ikatoka Masalo. Kuna wanaotumia jina la babu kwenye karatasi moja na jina la ukoo kwenye nyingine. Kuna akina mama waliojiandikisha NIDA kwa jina la mume wakati vyeti vyote ni vya jina la baba. Wakati unauza samaki hakuna anayejali, ila siku ya kupeleka maombi ya kazi mfumo unasoma watu wawili tofauti.

Ukishajua tatizo liko wapi, fanya hivi. Kama kosa liko kwenye kitambulisho cha NIDA nenda ofisi yao ya wilaya na vyeti vyako, omba marekebisho. Kama cheti cha kuzaliwa huna, anza RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na anza mapema maana ushahidi wa kuzaliwa wa mtu wa miaka 35 aliyezaliwa kisiwani Ukara unachukua muda kuukusanya. Kama umebadili jina kabisa au majina yanatofautiana sana, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kubadili jina, na hakikisha imesajiliwa kwa Msajili wa Hati, usiridhike na karatasi yenye muhuri wa wakili tu. Jina la kwenye cheti cha Baraza la Mitihani, yaani NECTA, usitegemee litabadilishwa baada ya mtihani kufanyika, kwa hiyo karatasi zingine ndo zinasogezwa zifanane na cheti.

Cheti kikipotea, unaanza polisi upate ripoti ya upotevu, unatangaza gazetini, ndo unaomba NECTA kupitia mfumo wao. Usimlipe mtu wa mtaani anayekuambia ana mtu wake huko ndani. Cheti cha kughushi kinaweza kukutoa kazini hata baada ya miaka mingi, wapo watumishi wa umma zaidi ya 9,000 walioondolewa mwaka 2017 kwenye uhakiki wa vyeti, nchi nzima iliona.

Kama unahitaji kidato cha nne

Uliyeishia darasa la saba unapita hatua mbili. Ya kwanza ni Mtihani wa Maarifa, wengi tunauita QT, unasoma masomo ya kidato cha kwanza na cha pili kwa pamoja. Ukifaulu, mwaka unaofuata unasoma ya cha tatu na cha nne unafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yote miwili hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari. Kwa hiyo ni miaka miwili ya kujibana, ukienda bila kukwama.

Uliyefika sekondari ukaishia njiani lakini ulifaulu mtihani wa kidato cha pili, usikubali kurudishwa QT bila sababu, tafuta ile namba yako ya mtihani na mwaka uliofanya, nenda nayo kituoni waiingize kwenye mfumo, mara nyingi unakwenda moja kwa moja kujiandikisha kidato cha nne. Na uliyefanya kidato cha nne ukapata alama mbovu, wewe unarisiti tu, tena sio lazima masomo yote. Unachagua yale ambayo chuo au kazi inayataka.

Usajili wa kujitegemea kwa kawaida unafunguliwa Januari na unafungwa mwisho wa Februari, baada ya hapo ni kwa faini. Ada ya mtihani miaka ya karibuni imekuwa 50,000 kwa kidato cha nne na 30,000 kwa QT, tofauti na ada ya kusoma kituoni. Watu wengi wa huku hela yao inaingia msimu wa pamba na mpunga, au pale samaki wanapokubali, sasa ukisubiri Februari ndo uanze kutafuta hiyo 50,000 utakuta shule za watoto nazo zinadai viatu na madaftari. Itenge Novemba au Desemba, mpe mtu unayemuamini akushikie.

Kuchagua kituo: uliza mambo matatu tu. Je, nyie ni kituo cha mtihani au mnafundisha tu halafu mtanipeleka kufanyia kwingine? Masomo ya sayansi maabara mnatumia ya wapi? Na wanafunzi wenu wa mwaka jana namba ya kituo ni ipi? Hilo la tatu ndo muhimu kuliko yote, matokeo yote yapo wazi kwenye tovuti ya NECTA, vituo vya kujitegemea namba zake zinaanza na P, unafungua simu hapohapo mbele yao unaangalia. Kama hutaki kituo binafsi, nenda Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, ipo kisheria tangu 1975 na ina mkufunzi mkazi kwenye kila mkoa, muulize madarasa yao ya jioni yaliyo karibu na unapoishi. Na kwa mabinti walioacha sekondari kwa sababu ya ujauzito au shida za nyumbani, TEWW hao hao wana vituo vya njia mbadala vilivyoanzishwa chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha sekondari, kaulize huko kwanza kabla hujalipa pengine. Hata shule ya kawaida, toka Novemba 2021 serikali imeruhusu aliyekatiza masomo arudi, ujauzito ukiwemo.

Sasa masomo. Vyuo vingi vya ngazi ya cheti vinataka ufaulu wa masomo manne, yaani D nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. D inaanzia alama 30, C inaanzia 45. Kidato cha tano ni C tatu. Ukijua hivyo utaona haina haja ya kujibebesha masomo kumi na wewe unaamka saa tisa usiku kwenda kupokea mzigo. Chukua saba unayoyaweza, yape nguvu. Ila kama unawaza uuguzi au utabibu hapo hakuna ujanja, Baiolojia, Kemia na Fizikia lazima ziwepo na zifaulu, na kuna dada mmoja mhudumu wa wodi alikuja na D zake tano za sanaa anataka uuguzi, akarudi kusoma hizo tatu tu akiwa na cheti chake cha zamani mkononi. Uvuvi nao unaangalia sayansi, Baiolojia hasa.

Mtaala unabadilishwa hatua kwa hatua, mpya umeanza kuingia 2024, kwa hiyo kabla ya kununua kitabu cha mtumba pale mjini uliza kituoni mtihani wako utatoka kwenye mtaala upi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni.

Ratiba inayoendana na ziwa, sio na kengele

Ratiba ya kila siku saa mbili usiku kwa mtu mzima wa Mwanza haidumu. Tengeneza yako kutokana na kazi.

Wa dagaa mnajua wenyewe, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika kama wiki hivi. Hiyo wiki ndo ya kusoma vitu vigumu. Nina mwanafunzi, mama wa Mwaloni, daftari lake la ratiba halina Jumatatu wala Jumanne, ana "giza" na "mwezi". Kwenye giza anafanya vitu vyepesi, anasoma Uraia na Kiswahili kidogokidogo wakati dagaa wanakauka kwenye chanja, karatasi kaifunga kwenye nailoni isilowe. Kwenye mwezi anakaa na Hesabu mchana mzima. Mwezi mmoja ukampa wiki moja kamili ya hesabu, na ukijumlisha toka Februari mpaka Oktoba hiyo ni kama miezi miwili ya kusoma mchana kichwa kikiwa hakijachoka. Alipata C.

Wa viwandani mnaobadilishana shifti, omba msimamizi akupangie shifti moja isiyobadilika kwa Septemba, Oktoba na Novemba, badilishana na mwenzako, mpe hata siku zako za mapumziko za mwanzo wa mwaka. Wa boda, ule muda wa saa nne asubuhi mpaka saa sita abiria wanapopungua pale kijiweni ndo darasa lako, pepa moja ya zamani mfukoni, swali moja moja. Na wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamsubirii tena kivuko, kuja darasani mjini Jumamosi na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana, zamani ilikuwa shughuli.

Namna ya kusoma yenyewe, mtu mzima asisome kama mtoto, kuanzia ukurasa wa kwanza akikariri. Anza na fomati ya mtihani na pepa za miaka mitano iliyopita. Jibu swali, hata kama hujui, kisha ndo ufungue kitabu kutafuta ulichokosa. Halafu kuna kitu cha bure watu hawakijui, NECTA huwa wanaweka kwenye tovuti yao taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, wanaonyesha swali, watu walikosea wapi, na mfano wa jibu zuri na jibu baya vimeandikwa kwa mkono wa mtahiniwa mwenyewe. Ukizisoma za miaka mitatu za Historia au Jiografia utaanza kuona msahihishaji anataka nini. Kama bando ni shida, nenda maktaba ya mkoa pale mjini, pana utulivu kuliko nyumbani, au download siku moja ukiwa na wifi ya mtu uzihifadhi kwenye simu.

Kiingereza kinawatesa wengi kwa sababu pepa nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Usijaribu kujifunza Kiingereza chote. Tengeneza daftari la amri za mtihani, yale maneno yanayokuambia eleza, taja, fafanua, linganisha, na maneno ya somo lenyewe. Ukizijua hizo amri, nusu ya woga imeisha.

Kama tayari una ujuzi wa mikono

Fundi gari, fundi umeme, mchomeleaji, seremala, mpishi, uliyejifunza gereji au kwa kaka yako, ulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, urasimishaji wa ujuzi, hapa kwetu chuo kipo Nyakato. Unajaza fomu, unapimwa unachokijua kwa vitendo, palipopungua unafundishwa kwa muda mfupi, unapimwa tena unapata cheti. Huanzi upya na hutupi miaka yako. Nenda na picha za kazi ulizofanya na barua ya mwenye gereji, zinasaidia kuonyesha uzoefu.

Anayetoka ziwani na anataka kubaki kwenye samaki lakini asibaki kuvuta nyavu, kuna Chuo cha Uvuvi FETA pale Nyegezi, wanafundisha usimamizi wa uvuvi, ufugaji wa samaki, uchakataji na ubora. Kwa jinsi vizimba vya sato vilivyoongezeka ziwani, kijana anayejua kulisha na kupima ubora wa maji ana pa kushika. Na kwa walioishia la saba wenye watoto wadogo, vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC, vipo 54 nchini, Sengerema kipo, Malya kipo, na vingi vina sehemu ya kulelea watoto mama akiwa darasani.

Cheti kwenda diploma, diploma kwenda digrii

Hapa nitaenda haraka. Toka kidato cha nne unaingia astashahada, ngazi ya NTA 4, unapanda 5, diploma ni 6. Ukiwa na diploma yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 unaweza kuomba digrii, kila kozi ina nyongeza zake. Kwa mtu aliyeajiriwa Chuo Kikuu Huria kinafaa sana, kilianzishwa 1992 kwa ajili ya watu kama nyie, kina kituo Mwanza, unasoma ukiwa kazini, na wana kozi ya msingi kwa ambaye alama zake za kidato cha sita au diploma hazikutosha. Ila Huria inataka mtu anayejisukuma mwenyewe, kama unajijua huwezi kusoma bila mwalimu mbele tafuta chuo cha jioni.

Kabla hujalipa hata mia, chuo cha kati kihakikishe kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, chuo kikuu kwenye ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na sio chuo tu, kozi yenyewe. Ada ilipwe kwa kontrol namba au akaunti ya taasisi, isiingie kwenye simu ya mtu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa digrii umekuwa na ukomo wa umri wa miaka 35, uliyepita hapo panga kulipa mwenyewe kwa awamu, ongea na mhasibu wa chuo mwanzoni kabisa, na ongea na mwajiri, wengine wanachangia ukiwaandikia barua yenye mchanganuo.

Nyumbani

Mwambie mwenzako kabla hujajiandikisha, sio baada. Mweleze ni miezi mingapi, jioni zipi hutakuwepo, hela kiasi gani, nani atapika. Nimeona ndoa zikitetereka kwa sababu mume alisikia kwa majirani kwamba mkewe anasoma. Na kama watoto wako sekondari, soma nao meza moja, wakusahihishie, hakuna aibu hapo, mtoto wa kidato cha pili akimfundisha mama yake milinganyo wote wawili wanafaidika.

Novemba, na baada yake

Wiki mbili kabla nenda kituoni uone jina lako na masomo yako kwenye orodha ya usajili, tarehe na saa, uandike. Wa Ukerewe na visiwani msisafiri asubuhi ya mtihani, Novemba ni mvua na upepo, lala mjini siku moja kabla. Kitambulisho, kalamu mbili za bluu au nyeusi, simu iache nyumbani, usiiweke hata kwenye begi nje ya mlango, kukutwa nayo kunaweza kukufutia matokeo yote. Swali la lazima lifanye kwanza, na usiache swali tupu.

Kati ya Novemba na Januari usikae tu, jifunze kompyuta ya msingi au leseni, kulingana na lile tangazo uliloandika kwenye daftari. Matokeo yakitoka mwisho wa Januari, kama umekosa somo moja dirisha la usajili bado liko wazi mpaka mwisho wa Februari, jiandikishe hilo somo wakati bado limo kichwani. Kama umefaulu, maombi ya vyuo unaweza kuyafanya kwa namba ya mtihani, lakini ajira za serikali zinataka cheti chenyewe, karatasi ya matokeo hawapokei. Cheti kinakuja kituoni miezi kadhaa baadaye, kakifuate mwenyewe, soma jina lako herufi kwa herufi kabla ya kusaini kwenye daftari lao, na siku hiyohiyo toa nakala, uzipitishe kwa wakili zithibitishwe, skani uhifadhi kwenye barua pepe yako, kisha fungua akaunti Ajira Portal ujaze.